Sura ya Sita: Kinachomiminwa Juu ya Chapati za Maji

Chapati za maji hazina masharti mengi. Unga, maji au maziwa, yai likipatikana, chumvi na sukari. Ukikoroga mpaka madonge yaishe na kaango likishika moto, familia itakuwa mezani baada ya muda mfupi. Watu wengi wana ndugu wa chakula hiki. Pwani kuna vibibi na mikate ya chila, vya mchele ulioloweshwa ukasagwa kwa tui. Uganda kuna kabalagala ya ndizi mbivu. Wasomali wana malawah, nyembamba na laini, inayopakwa samli na asali. Marekani na Kanada wanazo zile nene zinazorundikwa tatu au nne kwa pamoja na kumwagiwa sirapu.

Mahali pote hapo, unga ndio unaotazamwa na mpishi, na kinachomiminwa juu hupita bila kupimwa. Kijiko huzama kwenye chombo cha asali, chupa huinamishwa, sukari hunyunyizwa kwa vidole. Sura hii inashughulikia sehemu hiyo isiyopimwa, kwa sababu ndiyo yenye sukari nyingi kuliko nyingine zote mezani, na kwa sababu kuibadilisha hakumnyimi mtu raha ya kifungua kinywa.

Hesabu ya asubuhi moja

Chukua mfano wa kawaida. Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula vya sukari, maji ya kutosha. Hapo hutoka chapati nane hivi. Sukari hiyo ni karibu gramu 50, maana yake kila chapati imebeba gramu sita. Mtu mzima akila tatu, amepata gramu 18 au 19 kabla hajapaka kitu. Akimimina vijiko viwili vya chakula vya asali, anaongeza gramu 34. Chai yenye vijiko viwili vya chai vya sukari inaongeza 8. Jumla inafika gramu 60.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu anaipata kwa siku, na likasema kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta faida zaidi. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Asilimia 5 ni gramu 25, vijiko sita. Kifungua kinywa tulichokihesabu kimemaliza kiwango cha siku nzima na kupita.

Sukari huru ni ile inayoongezwa na mpishi, kiwanda au mlaji, pamoja na iliyomo kwenye asali, sirapu na juisi ya matunda, hata kama juisi hiyo haikuongezwa kitu. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo, wala ile ya maziwa. Wengi hushangaa kusikia kwamba juisi ya embe iko upande mmoja na embe lenyewe upande mwingine, ilhali utamu ni uleule. Sababu ya mgawanyo huo ndiyo itakayotuongoza katika kuchagua cha kuweka juu ya chapati.

Tunda, rojo na juisi

Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti mdogo uliofanywa Bristol, Uingereza, na Haber, Heaton na wenzao. Watu kumi wenye afya walipewa matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyosagwa kuwa rojo, na juisi isiyo na makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi za tunda. Kila mlo ulikuwa na kiasi sawa cha wanga na sukari, gramu 60.

Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara kumi na moja kuliko ya kula matufaha mazima. Hata muda wa kula uliposawazishwa, tufaha zima lilishibisha kuliko rojo, na rojo likashibisha kuliko juisi. Glukosi katika damu ilipanda karibu sawa kwa namna zote tatu, lakini ilivyoshuka ndipo tofauti ilipojitokeza. Baada ya juisi ilianguka sana, baada ya rojo ikaanguka kwa kiasi, na baada ya matufaha mazima anguko hilo halikuonekana. Insulini, homoni inayotolewa na kongosho ili kuondoa glukosi katika damu, nayo ilipanda zaidi kwa juisi na rojo.

Watu walikuwa ni walewale, tunda lilelile, sukari kiasi kilekile. Kilichobadilika ni umbo lililobeba utamu. Tunda zima lina seli zenye kuta, na sukari imefungwa ndani ya kuta hizo. Meno hufanya kazi, tumbo hufanya kazi, na sukari huachiliwa polepole huku maji na makapimlo vikijaza tumbo. Ukisaga na kuchuja, kazi hiyo yote umeshaifanya kabla chakula hakijafika mdomoni.

Kwa hiyo anayetafuta utamu wenye afya asianze kwa kuuliza sukari ipi ni bora kuliko ipi. Aulize utamu huu umefuatana na nini. Swali hilo moja linatosha kupima kila chupa na kila bakuli litakalowekwa mezani.

Chupa zinazosifiwa

Tuanze na asali, kwa kuwa ndiyo inayoheshimiwa zaidi. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora, au ile ya Kitui, ina harufu ya maua ya mahali pake, na hakuna sukari ya kiwandani inayoweza kuiga ladha hiyo. Lakini karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, nyingi yake fruktosi na glukosi, na karibu yote inayobaki ni maji. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 za sukari na kilokalori 64. Kijiko cha namna hiyo cha sukari nyeupe kina gramu 12 au 13, kwa sababu asali ni nzito na kijiko hubeba nyingi zaidi. Vitamini na madini vimo, ila kwa kiasi kidogo mno kuweza kuhesabiwa kama lishe. Waliosema mchovya asali hachovyi mara moja waliijua tabia ya mezani. Nafasi nzuri ya asali ni ya kiungo: kijiko cha chai kimoja, kinachopimwa, cha asali yenye harufu kali, kidondoshwe mwishoni juu ya kitu kingine. Inunue kwa mfugaji au muuzaji unayemwamini, maana asali huchanganywa sana na maji ya sukari, na vile vipimo vya kuwasha kiberiti au kudondosha kwenye maji havithibitishi chochote.

Sukari guru, inayopikwa kwa kuchemsha maji ya miwa magharibi mwa Kenya na kwingineko, ina rangi ya kahawia na ladha ya moshi kidogo. Madini yamebaki ndani yake zaidi ya sukari nyeupe, lakini ili yakufae ungelazimika kula sukari nyingi kupita kiasi. Ihesabu kama sukari.

Sirapu ya mti wa mepo ni kitu cha Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa asili wa maeneo hayo walikuwa wakichemsha utomvu wa mti huo kabla Wazungu hawajafika, na leo jimbo la Quebec nchini Kanada ndilo linalotoa sehemu kubwa ya sirapu yote duniani. Zinahitajika karibu lita 40 za utomvu kupata lita moja, ndiyo sababu bei yake iko juu. Ina manganizi na riboflavini, na kijiko cha chakula kina gramu 12 hivi za sukari. Tatizo ni kwamba chupa nyingi zinazouzwa kwa jina la sirapu ya chapati hazina hata tone la mti huo. Ni sirapu ya mahindi, rangi na harufu ya kutengenezwa. Msomaji anayeishi Toronto, Minneapolis au London atazikuta kwenye rafu moja, zikifanana. Asome orodha ya viungo: kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi. Sirapu halisi ya mepo huwa na kiungo kimoja tu.

Sirapu ya mmea wa agave husifiwa kwa kuwa haipandishi glukosi haraka. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ni fruktosi, ambayo hushughulikiwa zaidi na ini. Fruktosi nyingi, siku baada ya siku, huligeuza ini kuwa mahali pa kutengeneza mafuta. Kukwepa kipimo kimoja cha damu kwa kulitwisha ini mzigo si faida.

Asali ya tende ina historia ndefu zaidi ya zote hizi katika nchi zinazopakana na Ghuba. Katika ngome za Oman, ikiwemo ile ya Nizwa, kuna vyumba vilivyojengwa mahususi: magunia ya tende yalirundikwa, uzito wake ukazikamua zenyewe, na asali ikatiririka kwenye mifereji ya sakafuni hadi kwenye mitungi. Ladha yake ni nzito, karibu na karameli, na inaendana vizuri na ufuta. Hata hivyo ni maji ya tunda yaliyoachana na nyama yake, kwa hiyo iko upande wa juisi. Tende yenyewe tutaifikia.

Utamu usio na sukari

Kuna wanaoamua kuruka sukari kabisa na kutumia vitamu vya maabara, kama aspatami na sukralosi, au stevia, mmea wa Paraguay ambao Waguarani waliutumia tangu zamani na ambao siku hizi hulimwa pia Kericho. Viambato vyake vitamu vinaizidi sukari kwa mara 200 hadi 300.

Mwezi Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee vitamu hivi, stevia ikiwemo, kwa ajili ya kudhibiti uzito, baada ya kupitia tafiti na kutoona faida ya kudumu ya kupunguza mafuta mwilini. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa mtu wa namna hiyo, tone la stevia kwenye mtindi linaweza kuwa na maana. Kwa familia nyingine, hoja yangu ni ya upishi zaidi kuliko ya maabara: vitamu hivi huondoa sukari lakini havileti kitu mahali pake. Chapati ya unga mweupe iliyomiminiwa utamu mtupu imebaki kuwa chapati ya unga mweupe. Makapimlo hayakuongezeka, protini haikuongezeka, na ulimi unaendelea kudai utamu uleule mkali.

Matunda yanayostahili kukaa juu

Hapa ndipo nchi zetu zina utajiri. Gramu 150 za embe lililoiva, kiasi cha nusu ya embe kubwa, zina gramu 20 hivi za sukari, zaidi ya gramu mbili za makapimlo, vitamini A na C, na zaidi ya gramu 120 za maji. Sahani inajaa. Kiasi hicho cha papai kina sukari gramu 12 na vitamini C karibu miligramu 90, zinazomtosha mtu mzima kwa siku. Kamulia ndimu juu ya papai na hutatamani sukari, kwani uchachu huuchangamsha utamu uliomo.

Ndizi mbivu ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa haina msimu. Kadiri inavyoiva wanga wake hugeuka sukari, hivyo ile yenye madoadoa meusi ambayo watoto huikataa ndiyo inayofaa zaidi. Kata ndizi mbili vipande vya mshazari. Weka kijiko cha chai cha samli kwenye kaango, panga vipande kwa moto mdogo, vigeuze vikipata rangi ya kahawia, nyunyiza mdalasini, kamulia ndimu, ondoa. Sukari ya ndizi yenyewe imeungua kidogo na kutoa ladha ya karameli bila kuongezwa kitu.

Nanasi lichemshwe. Kata nusu ya nanasi dogo vipande vidogo, weka kwenye sufuria pamoja na vijiko vitatu vya maji, kipande cha mdalasini na tangawizi iliyopondwa. Funika kwa dakika kumi, funua kwa tano, kisha ponda kidogo kwa mwiko ili nusu ya vipande vibaki. Hii inamiminika, na anayependa chapati iliyolowa ataridhika. Majimaji yote yamebaki na nyama ya tunda, hakuna kilichochujwa kikatupwa.

Pasheni ipakuliwe na mbegu zake. Makapimlo yake mengi yako kwenye mbegu, na ukichuja unayatupa. Ubuyu nao usisahaulike: unga mweupe wa ubuyu, usio na rangi wala sukari, una vitamini C nyingi na uchachu safi. Kijiko cha chai kikikorogwa kwenye mtindi, kinaleta ladha ambayo sirapu haiwezi kuileta. Ule ubuyu mwekundu wa kumumunya ni peremende, ubaki huko huko.

Tende ina sukari nyingi, karibu theluthi mbili ya uzito wake, lakini ina makapimlo gramu saba au nane katika kila gramu 100, pamoja na potasiamu. Utafiti uliofanywa katika Falme za Kiarabu na kuchapishwa mwaka 2011 ulipima aina tano za tende zinazoliwa huko, miongoni mwao Khalas, Lulu na Dabbas. Kasi yake ya kupandisha glukosi ilikuwa ya chini hadi wastani, kwa wenye afya na kwa wenye kisukari pia. Kiasi, bila shaka, bado ni muhimu.

Rojo la tende linapikwa hivi. Toa kokwa kwenye tende kumi za kawaida, zimiminie nusu kikombe cha maji ya moto, ziache dakika 20. Ziponde pamoja na maji yale yale, kwa blenda au kwa uma, mpaka ziwe laini. Tia iliki iliyotwangwa, chembe ya chumvi na matone ya ndimu. Litakaa kwenye friji kwa siku kadhaa. Kijiko cha chakula cha rojo hili kina gramu nne hivi za sukari, dhidi ya 17 za asali, na ganda la tende limo. Tukumbuke matokeo ya Bristol: rojo liko katikati, bora kuliko kimiminika kilichochujwa, lakini si sawa na tunda zima. Kwa hiyo lipakwe, lisimwagwe.

Kinachoshibisha

Utamu peke yake, hata wa tunda, hauwezi kumfikisha mtu saa saba mchana. Chapati inahitaji protini na mafuta ili isiishe tumboni baada ya saa mbili.

Mtindi, au maziwa lala kama wanavyosema Kenya, ndio wa kwanza. Uchukue mtupu, usio na ladha wala sukari. Kila gramu 100 zina gramu tatu na nusu hivi za protini, na sukari iliyomo ni ya maziwa. Ukitaka uwe mzito kama krimu, umimine kwenye kitambaa safi juu ya bakuli na kuuacha kwenye friji usiku mzima, maji yashuke. Asubuhi unapakika kwa kisu. Mtindi wa vikombe vya rangi, wenye picha ya matunda, aghalabu umetiwa sukari ya kutosha kuharibu hesabu yote.

Siagi ya karanga ni ya pili. Vijiko viwili vya chakula vina protini gramu saba hadi nane na kilokalori 190, hivyo kijiko kimoja kwa sahani kinatosha. Chagua isiyoongezwa sukari wala mafuta mengine, au saga mwenyewe. Ukiikoroga na maziwa ya moto kidogo kidogo inalainika na kuwa mchuzi unaomiminika vizuri juu ya ndizi. Ila karanga zikaguliwe. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa fangasi wanaoota humo hutoa sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchambua karanga kabla ya kusaga ni sehemu ya mapishi sawa na kuzimenya.

Korosho na ufuta uliokaangwa hunyunyiziwa juu, mkono mmoja kwa familia. Tui zito la nazi lina utamu wa asili unaopendeza juu ya vibibi, lakini takriban moja ya tano ya uzito wake ni mafuta, mengi yakiwa yale yanayoganda. Litumike kwa kijiko, au litumike tui la pili lililo jepesi.

Pua husaidia ulimi

Vanila ukiionja peke yake ni chungu. Mdalasini ni mkali. Iliki haina sukari ya kuzungumziwa. Hata hivyo mtu akinusa yoyote kati ya hizi, akili yake inangoja utamu, kwa sababu maisha yake yote amekutana nazo kwenye vitu vitamu. Matarajio hayo huufanya utamu kidogo uonekane mwingi. Mpishi wa pwani amekuwa akiitumia siri hii kwenye vitumbua na maandazi. Ukipunguza sukari ya unga kwa nusu, ongeza iliki mara mbili, na walaji hawatalalamika kama ulivyoogopa. Kungumanga kidogo kwenye ndizi, tangawizi kwenye nanasi, ganda la ndimu lililokwaruzwa kwenye mtindi, vyote hufanya kazi hiyo. Chembe ya chumvi nayo huusukuma utamu mbele.

Chapati yenyewe

Cha juu kikirekebishwa, cha chini kisiachwe. Kabalagala ya Uganda inatufundisha njia: ndizi mbivu hupondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo, na utamu wote unaweza kutoka kwenye ndizi. Tatizo lake ni kukaangwa kwenye mafuta mengi. Lakini wazo lenyewe linahamishika. Ponda ndizi mbili mbivu kwenye rojo la chapati za maji, ondoa sukari yote, upike kwenye kaango lililopakwa mafuta kidogo. Badili theluthi moja ya unga mweupe kwa unga wa ulezi au wa ngano isiyokobolewa, na uliache rojo litulie kwa nusu saa ili unga uvute maji. Chapati hazitachanika.

Na si lazima ziwe tamu kila siku. Mikate ya chila imekuwa ikiliwa na mchuzi tangu zamani. Yai la kukaanga na kachumbari, maharage yaliyobaki jana, parachichi lililopondwa na ndimu na chumvi: siku mbili za namna hiyo kwa wiki zinapunguza sukari kuliko chupa yoyote ya bei ghali.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, mbichi wala ya kwenye chapati, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga au korosho nzima, zinaweza kuwakaba. Siagi yake iliyopakwa nyembamba inafaa, kama hawana mzio.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba unga nao hugeuka glukosi. Tunda zima na mtindi vinamsaidia, ila idadi ya chapati ndiyo inayoamua. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha mlo ghafla. Mwenye maradhi ya figo aulize kuhusu ndizi na tende, kwa ajili ya potasiamu iliyomo.

Kuihamisha familia

Katika kituo cha utafiti cha Monell huko Philadelphia, watu walipunguza sukari kwa miezi mitatu wakilinganishwa na wengine ambao hawakubadili kitu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kuanzia mwezi wa pili waliopunguza waliona chakula kilekile kuwa kitamu zaidi kuliko wenzao walivyokiona. Kiwango cha utamu walichokipenda, hata hivyo, hakikubadilika. Ninayachukulia kwa uzito yote mawili. Ulimi unajifunza kuhisi utamu mdogo, lakini unahitaji miezi, na hamu ya kitu kitamu haifi. Anayetangaza nyumbani kwamba kuanzia leo hakuna sukari atashindwa kabla mwezi haujaisha.

Aende kwa hatua. Mwezi wa kwanza apunguze sukari ya unga kutoka vijiko vinne hadi viwili na kuongeza viungo vya harufu. Mwezi wa pili alete bakuli la matunda mezani kabla ya chupa, watu wapakue tunda kwanza. Mwezi wa tatu chupa ipewe kijiko chake cha chai, isiinamishwe tena. Chapati tatu za ndizi zisizo na sukari, embe, mtindi, kijiko cha chai cha asali na chai yenye kijiko kimoja cha sukari: sukari huru yote hapo ni gramu kumi, na sahani imejaa.

Gharama isiwe kisingizio. Embe la msimu, sokoni, huwa nafuu kuliko chupa ya sirapu iliyovuka bahari. Likiwa tele, katakata, ligandishe, au likaushe juani chini ya chandarua, lije litumike msimu ukiisha. Mama au baba anayepika leo ndiye anayeamua mtoto wake atakachokiita kitamu akiwa mtu mzima, na uamuzi huo unafanyika asubuhi za kawaida, kwa kile anachokiweka karibu na mkono wa mtoto na kile anachokirudisha kabatini.